Ponce de León, St. Augustine: ukienda, anza na kuta

Ukimuuliza mtu hapa Florida kuhusu Flagler College, chuo kilichomo ndani ya iliyokuwa hoteli ya Ponce de León mjini St. Augustine, atakusifia madirisha yake ya vioo vya rangi vya Tiffany. Ni vizuri kweli. Lakini mimi ni fundi mwashi wa Lamu, nimeanza kubeba karai nikiwa kijana, nimejenga kwa matumbawe na chokaa, na kilichonishika pale ni kuta.

Henry Flagler, mshirika wa Rockefeller katika kampuni ya mafuta ya Standard Oil, alitaka hoteli ya matajiri wa kaskazini wanaokimbia baridi. Kazi akawapa wasanifu wawili vijana, John Carrère na Thomas Hastings. Mji ule una jiwe lake, kokina, makombe madogo ya baharini yaliyogandamana, linalochimbwa kisiwa cha Anastasia, ng'ambo tu ya maji. Wahispania walilikata matofali wakajengea ngome ya Castillo de San Marcos kuanzia 1672. Hawa vijana hawakukata matofali. Walichanganya changarawe ya makombe na saruji, wakamwaga zege ndani ya mbao tabaka baada ya tabaka, na vibarua, wengi wao watu weusi, wakalishindilia. Jumba kubwa namna ile la zege tupu lilikuwa jambo geni Marekani ya wakati huo. Sogea karibu utaona makombe yamejitokeza ukutani. Nilizipima kona kwa jicho: ziko timazi mpaka leo, na hoteli ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1888!

Huruhusiwi kuzurura ndani peke yako, kata tiketi ya matembezi. Sisi tulitembezwa na binti mwanafunzi wa pale pale, anayelijua jengo kama mtu anavyoijua nyumba ya bibi yake. Alitusimamisha chini ya kuba, linalobebwa na nguzo za mwaloni zilizochongwa maumbo ya wanawake, akatuacha tutazame juu picha zilizochorwa na George Maynard bila kutuharakisha. Akatueleza kuwa mitambo ya umeme ya Edison ilikuwepo tangu mwanzo. Vyumba vya juu hamuonyeshwi, wasichana wanalala humo, na ni haki yao.

Kisha chumba cha chakula. Vioo 79 vya Louis Comfort Tiffany, mwanga wa rangi ya asali unamwagika mezani, na wanafunzi wamekaa wanakula kama kawaida. Hapo nilikaa kimya kidogo. Machi 1964, hoteli ikiwa bado wazi, wanafunzi weusi waliingia chumba hiki hiki wakitaka kuhudumiwa kama mteja yeyote, wakakamatwa kwa wingi. Watu wa rangi yao walilishindilia zege hili, na karibu miaka 80 baadaye sahani moja ya chakula wakanyimwa. Ukienda na watoto waelezee habari hiyo mkiwa mmesimama mle mle, siyo garini mkirudi.

Hoteli ilifungwa 1967, na mwaka uliofuata chuo kikaanza, kwanza cha wasichana peke yao, wavulana wakaingia 1971. Nashukuru imegeuzwa chuo. Majumba mangapi mazuri ya kwetu pwani yameanguka kwa kukosa tu mtu wa kulala ndani, kufungua madirisha na kuona dari inavuja kabla boriti haijaoza! Jengo likikaliwa, kasoro zake zinaonekana mapema.

Nyota tano, bila kusita. Nenda asubuhi, jua likiwa bado la upole, uone chemchemi ya uani yenye vyura na kobe wanaotema maji. Watoto hawatataka kuondoka. Mkitoka vukeni barabara ya King. Mbele yenu ni Alcazar, hoteli nyingine ya Flagler, wasanifu wale wale, zege lile lile, sasa ni makumbusho ya Lightner pamoja na ofisi za mji. Ndani yake kuna mkahawa uliowekwa kwenye sakafu ya bwawa la zamani la kuogelea. Kaeni humo mpate chakula, na mkague kuta zake pia.