Lamu siku nne: gesti, chuo, punda na ile safari ya Takwa iliyonitoa jasho

Watu wameniuliza sana kuhusu hii safari kwa hivo wacha niandike yote mara moja. Kwanza, sikwenda Lamu kuota jua. Nilikua nampeleka mpwa wangu, mtoto wa dadangu, amepata nafasi chuo. Kwa basi nilikaa na jamaa mmoja wa bara akaniuliza kijana anaenda kusomea kozi gani, digrii ama diploma, nikashindwa nianzie wapi manake sisi wa pwani ukisema chuo bila kuongeza neno ni chuo cha maalim, msahafu na bakora, na Lamu ndo mji wa chuo wenyewe, wanafunzi wanatoka mpaka Tanzania na Uganda wanakuja kukaa hapo miaka.

Basi la Mombasa linapita Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe. Barabara siku hizi lami, si ile ya zamani ya kufika umegeuka rangi ya vumbi. Lakini beba kitambulisho na ukiweke mfuko wa mbele sio chini ya buti, manake mtashushwa, mtapanga laini, askari anaangalia kadi anakuangalia uso, mnapanda, mnaenda kidogo, mnashushwa tena. Dada mmoja alikua na picha ya kitambulisho kwa simu tu, basi zima tulikaa juani tukimsubiri ajieleze. Mokowe ukishuka mahamali wanadaka mabegi kabla hujaguza chini, sema bei mapema, halafu boti mpaka Amu mjini, Amu ndo Lamu kwa lugha ya wenyewe.

Gesti sasa. Nilibuku kwa simu, picha inaonyesha paa la makuti, mito myekundu, bahari hiyoo, dhau zinapita. Kufika kumbe nyumba iko ndani ndani mtaa wa Langoni, na bahari kweli inaonekana, ila mpaka upande juu ya kiti cha plastiki uchungulie kati ya matangi mawili ya maji. Sisemi uongo, nilipiga picha na hicho kiti. Maji ya mfereji ya chumvi, sabuni haitoi povu, usiku wa pili stima ikapotea feni ikafa na neti ilikua na tundu la kupita kunguru. Lakini sitawapa nyota mbili. Nawapa tatu na nusu, na hiyo nusu pamoja na moja zima ni ya yule bibi mwenye nyumba.

Bibi anaongea Kiamu cha ndani. Asubuhi ya kwanza yuko jikoni chini anamwita mpwa wangu, “Ndoo! Ndoo mwanangu!” Kijana akasimama, akaingia choo, akatoka na ndoo ya kuogea akateremka nayo ngazi zote mpaka jikoni. Bibi akaiangalia ile ndoo, akamwangalia mtoto. “Sasa hiyo ya n'ni? Nimekwambia ndoo unwe chai.” Kucheka mpaka akakaa chini. Kwa msiojua, ndoo kwa Kiamu ni njoo. Mpaka tunaondoka kila akimuona anamuuliza mbona leo hukuleta ndoo. Chai yake ya tangawizi, mahamri na mbaazi za nazi nzito, siku moja mkate wa mofa wa moto kabisa, hiyo haikua kwa matangazo yao na ndo ingefaa iwe picha ya kwanza.

Alfajiri huhitaji alamu. Adhana inaanza msikiti mmoja, wa pili unadakia, wa tatu, halafu kimya kidogo, halafu jua likichomoza unasikia watoto. Dirisha letu lilikua linaangalia chuo kidogo cha mtaani, chumba kimoja, mkeka, na maalim mzee ameegemea ukuta macho amefumba ungedhani amelala. Kulikua na kitoto kimoja kofia imemzidi inamfunika masikio, anasoma anatikisika mbele nyuma, akifika aya fulani anaruka neno. Kila akiruka yule mzee bila kufungua macho anagonga sakafu na kidole kimoja, tok, kitoto kinarudi nyuma. Mara nne. Ya tano kikapita sawa na mzee akatabasamu, macho bado yamefungwa. Chai yangu ilipoa nikiwatazama. Hii ndo Lamu ninayoisema mimi, na haina tiketi.

Msikiti wa Riyadha lazima ufike hata kama huna mtoto wa kuandikisha. Ule msikiti na chuo chake ni kazi ya Habib Swaleh, sharifu alietoka Ngazija, visiwa vya Komoro, akiwa kijana, akajenga hapo Langoni karibu na mwaka 1900. Wakati huo Lamu ilikua na wenyewe, watu wa majumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, na elimu ilikua yao, yeye akawa anasomesha watumwa na watoto wa watumwa na wanyonge wa nyumba za makuti, wakubwa wakachukia kweli. Ukilijua hilo ukitembea kutoka Mkomani kuja Langoni unaona mji kwa jicho lingine. Maulidi wanayosoma ni ya Habshi, yalitoka Hadhramaut kule Yemen, na yeye Habib Swaleh ndie alieyaleta huku. Tuliingia Alhamisi usiku, matari yanalia, vijana wa kanzu nyeupe wamepanga safu bega kwa bega wanainama na kuinuka pamoja, nywele zikanisimama. Hati za mkono za pale za zamani pia zimepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library kwa hivo hata ukiwa kwako unaweza kuzitazama. Wasio waislamu na kina dada, ulizeni kwanza mlangoni, vaeni mavazi ya heshima, hakuna atakaekufukuza ukiuliza vizuri. Simu weka mfukoni.

Makumbusho nitapita haraka. Ngome iko pale uwanja wa Mkunguni, ilijengwa kuanzia 1813 ikamalizika 1821, baadae ikawa jela mpaka 1984, sasa ina maktaba ndani na ukipanda juu unaona mapaa yote na soko chini yako. Nje wazee wanacheza bao, usijaribu kukaa ucheze kama hujui, mimi nilikulwa dakika tano mbele za watu. Posta ya Wajerumani ni chumba na historia ya miaka mitatu, 1888 mpaka 1891, unaingia unatoka. Nyumba ya Kiswahili ndo ya kukaa. Ni nyumba ya karne ya 18, ina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukuta mzima zimechongwa kwa chokaa, vyumba vimepangana kimoja nyuma ya kingine mpaka ndani kabisa kwa kina mama, na kwenye birika la maji wanafuga samaki wadogo wanaokula mabuu ya mbu. Nikakumbuka neti yangu ya gesti, nikaona wazee wetu walikua mbele yetu. Mkenya ukionyesha kitambulisho bei ni ndogo kuliko ya mgeni.

Sasa Takwa. Hapa ndo nataka msome vizuri.

Takwa ni mji wa magofu kisiwa cha Manda, ulihamwa karne ya 17, kuna msikiti una nguzo juu ya kibla na nje kuna kaburi la nguzo limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, na mibuyu mikubwa imesimama kati ya kuta. Watu wa Shela, kijiji cha jirani na Lamu mjini, wanasema asili yao ni hapo. Pazuri mno na pametulia, palikua sisi na ndege tu. Ila kuingia unapita mkono wa bahari katikati ya mikoko na huo mkono unataka maji kujaa. Kila mtoto wa Lamu anajua. Yule mtembeza wageni alietufata pale gati, maneno matamu, ananiita brother, yeye akasema twende saa nne haina shida. Nilimuuliza maji vipi? Akasema maji yapo. Ni kweli maji yalikua yapo, yalikua yanaondoka.

Kwenda tukapita. Kurudi ile boti ikaanza kukwaruza chini, krrr, nahodha akazima mashine akashika upondo, anasukuma, anasukuma, hapo upondo ukazama kwa tope akabaki ananing'inia nao na boti inateleza mbele bila yeye. Mpwa wangu na kanzu yake mpya ya chuo akashuka, mimi nikashuka, tope la mikoko lile linakushika mguu kama lina deni na wewe, kiatu changu kimoja cha kushoto kiko huko mpaka leo. Tulisukuma tukaishiwa, tukakaa. Saa nzima na zaidi tunangoja bahari irudi, jua la utosi, maji ya kunywa chupa moja. Mtembeza wageni amekaa mbele anachezea simu, namuuliza sasa brother? Ananiambia hii ndo adventure. Nahodha maskini hakusema kitu, ila baadae akaniambia kwa sauti ya chini alishamwambia yule mtembeza wageni tangu asubuhi kwamba maji mabaya, mwenyewe akataka wateja wasipotee.

Kwa hivo ukienda usimuulize mtembeza wageni, muulize nahodha mwenyewe, ama mvuvi yoyote anaeshona nyavu, leo maji yajaa saa ngapi, na siku za bamvua ndo maji yanapanda sana na kushuka sana. Panga siku yako kwa maji sio kwa saa ya mkononi.

Shela tulitembea kwa mguu kufuata pwani, ni kama kilomita 3, ufuo mrefu mchanga mweupe na watu wachache, mahoteli ya pesa ndefu, juisi ya ukwaju bei imenifanya niombe maji. Nimemaliza Shela. Punda wako kila mahali, vichochoro vyembamba ukisikia “pisha!” usitafute nani kasema, jibandike ukutani kwanza, manake punda amebeba mawe ya matumbawe hana breki. Usita wa Mui jioni kuna viazi karai, mishkaki, kahawa chungu na haluwa, nilikua nakula nikisimama. Kofia ya vito nilitaka, jamaa anaishona mkono mwenyewe amekaa barazani, nikauliza hii imechukua muda gani akaniambia miezi, akataja bei, nikamshukuru. Haki yake, ila mfuko wangu haukua na miezi.

Asubuhi ya mwisho nilimwacha kijana mlango wa chuo na sanduku lake na godoro. Hakulia, mimi ndo nilijifanya nina mchanga machoni. Gesti nitarudi hiyo hiyo, nitabeba neti yangu. Wiki ilopita akanitumia ujumbe, “mjomba ndoo Mfungo Sita uone Maulidi na mbio za punda”, na chini ameweka picha ya ndoo.

Yule mtembeza wageni bado ana chenji yangu ya mia tano. Nikipiga, namba haipatikani.