Baraza la madiwani: kikao cha robo ya pili ndicho cha kwenda

Kiingilio bure, wananchi wanakaa nyuma, kuongea marufuku. Hiyo ndiyo huduma yenyewe. Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa na wa Lindi sita, na baraza la kila moja linatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, milango wazi. Wengi huenda siku isiyofaa, wanasinzia, wanarudi wakisema pale hakuna kitu.

Kinachowaponza ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, minada ya korosho inaanza Oktoba. Kikao cha robo ya kwanza, kinachopokea taarifa ya Julai hadi Septemba, kwa Tandahimba au Newala ni kikao cha halmashauri yenye njaa: makusanyo yako chini, na kila hoja ya zahanati inaambiwa isubiri msimu. Kumkaba mweka hazina kwa takwimu hizo ni kumwonea.

Robo ya pili, ambayo baraza lake hukaa Januari au Februari, ndiyo yenye nyama. Ushuru wa korosho ni asilimia 3 ya bei, na anaulipa mnunuzi. Kilo ikiuzwa shilingi 3,000, halmashauri inapata 90. Tani 1,000 zinaleta milioni 90. Kwa hiyo ingia na tani za wilaya yako zilizouzwa kupitia chama kikuu cha ushirika (TANECU kwa Tandahimba na Newala, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale), zidisha kwa bei ya wastani ya minada, tafuta asilimia 3 ya jibu, kisha sikiliza mstari wa ushuru unaposomwa. Pengo dogo lisikushtue, malipo huchelewa. Pengo kubwa, anza kuuliza mzigo ulihesabiwa wilaya gani, maana ghala na shamba si lazima viwe wilaya moja.

Baraza likipangwa siku mbili, ya kwanza huwa ya taarifa za kata: madawati, matundu ya vyoo, visima. Ndefu mno. Sikiliza kata yako, kanywe chai. Siku ya pili usikose "yatokanayo na muhtasari wa kikao kilichopita", kwani hapo ndipo azimio la zamani linapoulizwa lilikofikia. Jibu likiwa "utekelezaji unaendelea" vikao viwili mfululizo, bila kiasi wala tarehe, jua halijaanza.

Mikopo ya asilimia 10, ile ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi kutoka mapato yake ya ndani, nayo ina mtego wake. Mgawo ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, lakini hesabu haianzii kwenye mapato yote ya ndani. Mapato lindwa, kama michango ya wagonjwa vituoni, hutolewa kwanza. Mwananchi anayepiga asilimia 10 ya jumla kuu anaona wizi ambao haupo.

Udhaifu mkubwa ni makabrasha, yaani nyaraka za kikao. Mwananchi hapewi, na tangu vishikwambi vianze kuchukua nafasi ya karatasi hata kuchungulia la jirani haiwezekani tena. Unasikia "ukurasa wa 47, jedwali la tatu" na unabaki kutazama majoho ya madiwani. Pia likija suala la nidhamu ya watumishi baraza hugeuka kamati na mnatolewa nje. Na mengi ya fedha yamekwisha kupikwa kwenye Kamati ya Fedha na Uongozi, ambako hualikwi. Wanaotaka kuona mkurugenzi akifukuzwa watasubiri sana: yeye ni katibu wa baraza, lakini mteuzi wake ni Rais.

Kama una hoja, kiti cha nyuma hakikusaidii. Ipeleke mkutano wa mtaa au kijiji, iandikwe kwenye muhtasari, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu. Huko ndiko hoja nyingi hufia, kwa sababu muhtasari haukusainiwa au kikao cha kata kimefanyika baada ya taarifa kwenda wilayani. Mtendaji aulizwe tarehe ya kuwasilisha taarifa mwezi mzima kabla ya baraza, na nakala ya muhtasari ubaki nayo mwenyewe.