TAHADHARI: fimbo za kuchomelea za 6013 zinauzwa ndani ya boksi la 7018

Mafundi wenzangu, kama hivi karibuni umenunua fimbo za kuchomelea zilizoandikwa E7018 na bei ikakufurahisha, ziweke pembeni kwanza. Mimi nimeuziwa boksi zima la fimbo nyingine kabisa, za 6013, na nimeshazitumia kwenye kazi inayobeba uhai wa watu.

Muuzaji nilimpata kwa simu. Alinitumia picha za maboksi yaliyofungwa vizuri, akataka alipwe kabla ya kutuma, na mzigo ukafika kweli, ndiyo maana sikumshuku. Boksi safi, nailoni mpya, nje imeandikwa E7018, milimita 3.2. Lakini fimbo zenyewe hazikuwa na namba. Fimbo halali huchapwa namba yake kwenye ganda, yaani ule unga mgumu unaouzunguka waya, karibu na ile ncha tupu inayoingia kwenye koleo. Hizi sehemu hiyo ilikuwa imesuguliwa; ukipitisha kidole unahisi mikwaruzo. Niliiona, nikaipuuza.

Dalili ya pili niliipokea kwa furaha. Mashine yangu ni ya transfoma ndogo, inatoa umeme wa AC, na kabla moto haujashika volti zake hazizidi 50. Kwa mashine ya aina hiyo 7018 ni taabu. Inataka volti 70 hivi au zaidi, la sivyo inanasa na kuzimika, na ukitaka kuiwasha upya sharti uvunje kwanza kigamba kama kioo kinachoziba ncha. Hizi ziliwaka kwa kuguswa tu, moto laini, wala hazikunasa hata mara moja. Wepesi huo ndio tabia ya 6013.

Simaanishi kwamba 6013 ni fimbo mbaya. Kwa mageti, madirisha na mabati mazito kidogo ninaipenda kuliko nyingine. Shida ni kuitia mahali pasipo pake bila kujua. Tarakimu mbili za mwanzo, 60 au 70, ni nguvu ya kiungo ya kuhimili kuvutwa, kwa maelfu ya pauni katika inchi ya mraba. Ile 1 inayofuata ni kwamba fimbo inachomea mikao yote, hata juu ya kichwa. Tarakimu ya mwisho inahusu ganda na umeme unaolifaa, na hapo ndipo penye hatari. Ganda la 7018 limetengenezwa ili lilete hidrojeni kidogo sana. Ganda la 6013 lina unyevu zaidi kwa asili yake. Joto la moto linauvunja unyevu huo, hidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, kisha inajipenyeza hadi ule ukanda uliogeuka mgumu kando ya kiungo. Chuma kikiwa chembamba na laini, inatoka bila madhara. Kikiwa kinene, chenye kaboni nyingi na kimebanwa pande zote, kinapasuka. Tena hakipasuki ukiwa unatazama. Huweza kupita siku mbili au tatu tangu kipoe.

Kwangu ilikuwa ndoano ya trela, bamba la milimita 16 kwenye mhimili wa chuma kigumu. Jioni niliubandua ule ukoko unaoganda juu ya kiungo, kiungo kinang'aa, mawimbi yamepangika. Asubuhi ya siku ya pili nikaona mstari mwembamba kama unywele ukienda sambamba na kiungo. Nilipousaga haukwisha, ulizidi kuzama. Trela lilikuwa bado halijafungwa mzigo, na kwa hilo ninamshukuru Mungu kila nikikumbuka.

Nilipompigia muuzaji, alinijibu kwamba fimbo "zimeshika unyevu tu, zianike juani." Tafadhali asikudanganye mtu kwa maneno hayo. Hata 7018 ya kweli iliyonyonya unyevu hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 260 hadi 430 za Selsiasi, saa moja hadi mbili, kwa kufuata maelezo ya aliyeitengeneza. Jua halifiki hata nusu ya hapo. Nilipomwambia hivyo akakata, na tangu siku hiyo namba yangu haipiti kwake.

Kipimo kilichonithibitishia ni hiki. Vunja ganda la fimbo moja, lisage liwe unga, ulitenge mbali na waya, kisha usogeze sumaku. Ganda la 7018 lina chuma cha unga ndani yake, kwa hiyo linarukia sumaku. Nilichukua fimbo moja ya zamani ninayoiamini, unga wake ukajaa kwenye sumaku. Unga wa hizi za boksi ulibaki palepale mezani.

Kama tayari umezitumia kwenye ndoano, mhimili, ngazi au kitu chochote cha kunyanyulia, zuia kisitumike leo hii. Usimwagie rangi kuficha. Pima kwa ile rangi nyekundu ya kupenyeza nyufa, na kama huna, saga kiungo chote mpaka chuma kizima kisha uchomelee upya kwa fimbo unayoiona namba yake. Na wewe unayetaka kununua, omba picha ya fimbo yenyewe, karibu na ncha inayoshikwa na koleo. Akikutumia picha ya boksi tu, acha.

Ndoano ile nimeikata. Zimebaki fremu mbili nilizozichomelea kwa fimbo hizohizo kabla sijajua, na wenyewe nimeshawapigia wazirudishe.