Goda masala ya pakiti jijini Kampala: je, inatosha kupikia masale bhat?

Tuanze na hukumu. Pakiti ya goda masala (mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa) inayoagizwa kutoka India inafaa kununuliwa, ila haifai kumiminwa sufuriani kama ilivyo. Ukiiongezea mbata (nazi kavu) na simsim (ufuta) ulizokaanga mwenyewe, na ukaipikia mchele wa Super badala ya basmati, utapata masale bhat ambayo mtu wa Pune, mji wa Maharashtra, ataitambua kabla hujafunua sufuria. Ukiitumia peke yake utapata wali mtamu wa viungo, lakini masale bhat haijafika. Nyota tatu na nusu kati ya tano.

Masale bhat ni wali wa mboga wa Maharashtra, magharibi mwa India. Hupikwa harusini, kwenye sikukuu, na katika siku za kumsherehekea Ganesh, mungu wa Kihindu. Ule wa harusini na wa kutolewa sadaka kwa desturi hautiwi kitunguu maji wala kitunguu saumu. Aliyezoea pilau ya pwani hapo hushtuka, kwa sababu pilau inaanzia kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawia. Hapa hakuna kitunguu cha kuficha udhaifu wa viungo. Masala ikiwa imepoa, chakula kizima kimepoa, na ndiyo sababu pakiti inastahili kuchunguzwa kuliko mchele na mboga.

Tatizo la kwanza ni kuipata. Wahindi wengi wa Uganda wana asili ya Gujarat, na maduka yao huuza wanachokula: dhana-jiru, chai masala, garam masala za kila aina. Goda masala ni ya majirani zao wa kusini, kwa hiyo anza kuulizia katika maduka yaliyo karibu na soko la Nakasero, na ulizie kwa jina lake. Muuzaji akikwambia uchukue garam masala kwa kuwa ni kitu kimoja, usikubali. Garam masala inaongozwa na karafuu, mdalasini na iliki, na inakuletea pilau isiyo na nyama. Goda masala inaongozwa na giligilani, mbata na ufuta vilivyokaangwa mpaka vikakolea rangi, na juu yake kuna dagad phool, yenye harufu ya moshi. Dhana-jiru nayo ni giligilani na jira tu. Inaweza kusaidia kama msingi, lakini hiyo harufu ya moshi haina.

Geuza pakiti usome orodha ya viungo, kwa kuwa huanza na kilicho kingi. Giligilani ikiwa ya kwanza, vizuri. Pilipili au chumvi ikitangulia, rudisha pakiti kwenye rafu. Kisha tafuta vitu vinne: mbata (huandikwa khobra, au nazi kavu), ufuta, nagkesar na dagad phool. Nagkesar ni vijitumba vikavu vya mti, vidogo vyenye vikonyo. Dagad phool ni likeni inayoota juu ya miamba na magome ya miti, nyepesi kama karatasi iliyochanika, nyeusi upande mmoja na kijivu upande wa pili. Pakiti isiyo na dagad phool haina sababu ya kuitwa goda masala.

Halafu tazama tarehe ya kutengenezwa, usitazame ya kuisha peke yake. Mbata na ufuta vina mafuta mengi, na mafuta yaliyosagwa huchacha upesi. Pakiti husafiri kwa meli mpaka Mombasa, ikapanda barabara mpaka Kampala, ikakaa ghalani, ikakaa rafuni. Iliyotengenezwa zaidi ya miezi sita iliyopita huwa imeshapoteza harufu ya nazi hata kama tarehe yake bado inaruhusu. Chukua pakiti ndogo ya gramu 50 au 100. Kubwa ni rahisi kwa kila gramu, lakini nusu yake utaila ikiwa imechacha.

Usiipime kwa kunusa pakiti, maana dagad phool karibu haina harufu ikiwa kavu. Inaamka ikikutana na mafuta ya moto. Pasha nusu kijiko cha chai cha mafuta, ondoa motoni, tia chembe ya masala, subiri nusu dakika, kisha unuse. Masala ambayo bado ni nzuri itakupa nazi iliyokaangwa kwanza, kisha moshi na udongo wenye mvua, kisha utamu mdogo wa mdalasini. Ukisikia giligilani pekee, masala imezeeka lakini inaokoleka. Ukisikia harufu ya mafuta ya zamani, tupa, hakuna dawa.

Kuiokoa ni kazi ya dakika kumi. Kwa kila vijiko vinne vya chai vya masala ya pakiti, chukua kijiko kikubwa kimoja cha mbata iliyokunwa na kijiko cha chai kimoja cha simsim. Kaanga mbata kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka iwe kahawia iliyokolea. Wengi huishia kwenye rangi ya dhahabu kwa kuogopa kuunguza, na hapo ladha bado haijatoka. Simsim ikaange peke yake mpaka ianze kuruka. Ipoe kabisa, kisha twanga pamoja na mbata kwenye kinu. Ukisaga ikiwa moto, mvuke na mafuta vitaigeuza uji. Kwa simsim Uganda haina shida: ile ya Lira, Gulu au Kitgum ni nzuri mno, nyeupe na ya kahawia zote zinafaa. Usitumie odii, yaani simsim iliyosagwa na karanga, kwa sababu karanga itameza kila kitu. Mbata ikikosekana, kuna nazi ya kawaida kutoka pwani: ikune, ianike au ikaushe kwenye moto mdogo sana mpaka isiwe na unyevu, ndipo uikaange.

Sasa mchele, ambapo Kampala ina bahati ambayo wengi hawaioni. Anayepika chakula cha Kihindi hukimbilia basmati. Lakini nyumbani Maharashtra masale bhat ina uhusiano mkubwa na ambemohar, mchele mfupi wa kienyeji wenye harufu ya maua ya mwembe, na jamaa zake kama indrayani. Ni wali laini kidogo, punje zimeachana lakini zinakubali kubonyezwa, na masala imezishika. Basmati inatoa punje ndefu na kavu, masala ikabaki chini ya sahani. Super ya soko la kawaida, ya mashariki mwa Uganda au ya Tanzania, ina harufu yake na ulaini wa kadiri unaotakiwa. Kaiso, mchele mwingine wa Uganda, ni rahisi zaidi kwa bei, lakini punje zake nene hunywa maji mengi na kushikana, na haina harufu ya kuchangia. Ukilazimika kuitumia, punguza maji robo kikombe na usiifunue kabla ya wakati. Super ya kupimiwa gunia huwa na mawe. Pepeta, chagua kwenye sinia, usitegemee kuosha peke yake.

Kwa watu wanne mpaka watano, tumia vikombe viwili vya mchele (kikombe cha mililita 250; vyote viwili ni kama gramu 400). Osha mara tatu, uchuje kwenye chujio kwa dakika 20. Usiuloweke, Super iliyolowekwa hukatika inapokaangwa. Pasha vijiko vikubwa vitatu vya mafuta. Tia nusu kijiko cha chai cha haradali na usubiri mpaka ipasuke yote. Isipopasuka itabaki chungu mdomoni. Fuata na nusu kijiko cha jira, robo kijiko cha hing (mvuje), majani ya kari kumi, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, majani mawili ya mdalasini, karafuu nne, pilipili manga sita, kipande kidogo cha mdalasini, na korosho kiganja kimoja. Hing iingie kwenye mafuta ya moto, sekunde chache tu. Ikiingia kwenye mafuta ya vuguvugu, harufu yake mbichi itabaki mpaka mezani. Manjano nusu kijiko iwe ya mwisho kwa kuwa huungua haraka.

Mboga ya jadi ni tondli, tunda dogo la jamii ya tango, ambayo wauzaji wa Kampala huiita kwa jina la Kigujarati, tindora. Gramu 150 zinatosha. Chagua ngumu, kijani kote, nyembamba kuliko kidole. Kata moja katikati ukiwa dukani, ukiruhusiwa: ikiwa nyekundu ndani imeiva, itakuwa chachu na italainika ovyo. Kata ncha, pasua kila moja kwa urefu vipande vinne, na uikaange dakika tano mpaka sita kabla ya kitu kingine, kwani tindora haiivi kwa mvuke wa wali pekee. Kisha biringanya ndogo za zambarau tatu, zilizokatwa na kulowekwa kwenye maji ya chumvi zisiwe nyeusi, na njegere kiganja. Ntula (nyanya chungu) zinazouzwa kila soko zinavutia kwa umbo na bei, lakini uchungu wake unagombana na sukari guru. Ziache kwa mchuzi wa karanga.

Mboga zikishapata mafuta, punguza moto ndipo utie masala: vijiko vinne vya chai vya pakiti pamoja na mbata na simsim yako. Masala ikitangulia mboga, ufuta na nazi huungua ndani ya sekunde chache na sufuria nzima inakuwa chungu. Tia mchele, geuza polepole dakika mbili au tatu mpaka punje zing'ae. Weka chumvi kijiko cha chai na nusu, sukari guru kijiko cha chai kimoja (ile ya Busoga inafaa sana), kisha maji yanayochemka vikombe vinne na robo. Maji ya baridi yanausimamisha upishi mzima: nje ya punje hulainika, ndani hubaki kiini.

Hiyo robo ya kikombe ina sababu. Vipimo vilivyoandikwa Mumbai ni vya usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 96. Wali unachukua muda zaidi, na maji zaidi yanatoka kama mvuke. Anayepikia Kabale, kwenye mita kama 2,000, aongeze robo nyingine na dakika tano. Kwa sufuria ya presha tatizo hili karibu linaisha: vikombe vitatu na nusu vya maji, filimbi mbili, kisha uiache ishuke yenyewe.

Kwenye sufuria ya kawaida, acha ichemke wazi mpaka maji yalingane na mchele, funika, punguza moto kabisa. Kwenye sigiri toa makaa yabaki machache chini, mengine uyapalie juu ya mfuniko. Dakika 15, usikoroge. Kisha ondoa motoni, iache dakika kumi imefunikwa. Kupalia kunaufaa wali huu kuliko jiko la gesi, kwa sababu joto la juu hukausha maji yaliyobaki bila kuunguza masala iliyotua chini. Wa gesi aweke kikaango kizito chini ya sufuria.

Wali ukiwa bokoboko, mara nyingi mchele haukuchujwa au umekorogwa. Ukiwa na rangi ya kijivu na ladha ya vumbi, masala haikupata mafuta, ilitiwa pamoja na maji. Ukikosa utamu kabisa, sukari guru imesahauliwa. Haitakiwi isikike kama sukari, kazi yake ni kuinua nazi.

Mwisho nyunyiza nazi mbichi iliyokunwa nusu kikombe na majani ya dania, tia samli juu ya kila sahani, na kipande cha ndimu pembeni. Samli ya Ankole ina nguvu, hivyo kijiko cha chai kwa mtu kinatosha. Kinywaji chake ni mattha: mtindi uliopigwa na maji kiasi kilekile, chumvi, tangawizi iliyotwangwa, jira iliyokaangwa na dania. Tumia bongo (maziwa ya mgando) isiyo na sukari. Yogati za vikombe za dukani nyingi zimetiwa sukari na ladha ya matunda, na hazifai hapa.

Je, inafaa kusaga goda masala yako badala ya kununua? Ukipata dagad phool nzima, ndiyo, bila kusita. Kwa gramu 100 za giligilani weka, kwa gramu, mbata 40, simsim 25, jira 20, dagad phool 5, pilipili manga 5, mdalasini 5, karafuu 3, kisha pilipili kavu nane kwa idadi, na nagkesar kidogo ukiipata. Kaanga kila kimoja peke yake, saga vikavu kwanza, mbata na simsim mwishoni, kidogo kidogo. Ukikosa dagad phool, nunua pakiti na uiongezee. Iwe ya dukani au yako, ihifadhi kwenye chupa ya kioo ndani ya friji, na uimalize katika miezi miwili.