Fulana ya mtumba ya Karume na fulana mpya ya dukani: nimezichoma nyuzi zote mbili

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo hapa mezani hakuna simu wala spika, kuna fulana mbili. Hii ya kijivu ni mtumba, nimeichukua soko la Karume hapa Dar, ina maandishi ya mbio za hisani za shule moja huko Ohio, mwaka 2014. Hii nyeusi ni mpya kabisa, ya dukani, bado ina harufu ya nailoni. Saizi zote L. Mengine ya fulana mnayajua, twende moja kwa moja kwenye kilichonifanya niwashe kamera.

Nachomoa uzi kwenye pindo la ndani la mtumba, hapa pasipoonekana. Wanaotaka kujaribu nyumbani, fanyeni juu ya sahani ya bati, maji yawe pembeni, watoto wakae mbali. Nashika kwa kibanio, nawasha kiberiti. Tazama. Umeshika mara moja, moto wa njano, na nikiondoa kiberiti unaendelea kula wenyewe. Napuliza. Sogeza macho uone hako kacheche kanavyotembea taratibu kwenye uzi. Harufu ni ya karatasi iliyoungua, basi. Na majivu haya, nayasugua hivi, yameshakuwa vumbi kidoleni. Hiyo ni pamba.

Sasa hii mpya. Lebo ya shingoni imeandikwa pamba asilimia 100, isomeni wenyewe. Nawasha... mmeona? Uzi unajikunja kuukimbia moto! Umenywea kabla ya kuwaka. Moshi mweusi, na harufu inakaba koo. Ngoja upoe. Hiki hapa, kishanga cheusi, nakigonga kwenye sahani, sikieni mlio. Pamba haiachi kishanga, ndugu zangu. Hapa kuna poliesta, na si kidogo. Dar hii, Februari, saa nane mchana kwenye daladala, mtu amelipa pesa yake akijua amevaa pamba, kumbe jasho lote linabaki mgongoni. Imeniudhi sana. Duka silitaji, lakini nyie mna macho, na sasa mna kiberiti.

Turudi kwa hii ya kijivu maana bado sijaimaliza. Tafuta mshono wa ubavuni. Zungusha... haupo! Mwili mzima umefumwa kama bomba, kwa hiyo hakuna mshono wa kupinda kuelekea tumboni ukishafua. Na ndani, bega mpaka bega, kuna utepe umeshonewa. Huo ndio unaozuia shingo isilegee. Imevaliwa na mtu, imefuliwa huko, imefuliwa na mimi, shingo bado imesimama.

Lebo: Gildan, Honduras. Hapa ndipo ninapoipendea zaidi. Gildan ni kampuni ya Kanada, inasokota uzi North Carolina kwa pamba ya Marekani, na jimbo linaloongoza kulima pamba kule ni Texas, hasa nyanda za Lubbock, ambako mashine inakomba shamba zima pamoja na majani na makapi. Uzi unasafiri hadi Honduras, viwanda vya Choloma vinafuma, vinapaka rangi, vinashona, halafu mzigo unarudi Marekani. Mtu anakimbia mbio zake, akiichoka anaitoa msaada. Maduka ya hisani yanauza sehemu tu, inayobaki inauzwa kwa kilo kwa wachambuzi, wanaipanga kwa gredi na kuigandamiza kwenye belo, mara nyingi la kilo 45, ndipo inapanda meli kuja kwetu. Bahari zote hizo, na shingo haijalegea!

Lakini kuna jambo linaniuma. Sisi pamba tunayo. Simiyu pale, Bariadi, Maswa, Meatu, mkulima anachuma kwa mkono, na pamba ya mkono ikichumwa vizuri ni safi kuliko ya mashine ya Lubbock. Anapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inachambuliwa kutoa mbegu, na sehemu kubwa ya nyuzi inapanda meli kwenda nje ikiwa ghafi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, wazee wetu walivaa vitenge vya pale. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iishe ifikapo 2019. Marekani ikatishia kututoa AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, wengi wakarudi nyuma. Rwanda ikabaki na ushuru wake wa mitumba, iliokuwa imeupandisha kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na 2018 nguo zake zikasimamishwa AGOA. Moyo wangu uko na Rwanda. Ila nikimwangalia mama anayesomesha watoto kwa belo, nasita. Ukimpiga marufuku leo, kesho mteja wake atavaa nini, hiki kishanga? Kwanza nipeni fulana ya pamba ya Simiyu yenye shingo kama hii, nitaipangia foleni alfajiri.

Kabla sijasahau, mubashara yetu imehamia Jumamosi usiku, na video ijayo ni jinzi za mtumba, mmeomba sana.

Bei: mtumba shilingi 5,000, mpya 15,000. Hii ya kijivu naipa tisa kwa kumi, moja nimekata kwa sababu kwapa la kushoto limeanza kuchakaa. Kwa hiyo ukienda Karume wahi asubuhi belo linapofunguliwa, inyanyue fulana kwenye mwanga, angalia kwapa kwanza, halafu vuta shingo kwa vidole viwili uiachie. Ikirudi yenyewe, lipa. Ikibaki imepanuka, irudishe kwenye rundo.