Mashine ya klorini ya maji ya chumvi: fundi alinimwagisha chumvi bure

Nilipofungiwa mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi katika bwawa la nyumba yangu ya wageni huku Diani, niliambiwa kwamba nimeagana na madumu ya klorini ya unga, na kwa miezi ya mwanzo nilishukuru kila asubuhi, kwa sababu maji yalikuwa maangavu na macho ya wageni hayakuwasha.

Msimu wa kaskazi ulipopamba moto, nyumba ikiwa imejaa, maji yakaanza kugeuka kijani. Kipimo kilionyesha klorini sifuri, wakati inatakiwa iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Fundi wa kampuni iliyoniuzia alikuja siku ya tatu, hakufungua chochote, akasema, "Mama, chumvi haitoshi, ongeza." Nikaongeza. Mara ya pili akasema hayohayo, na nilipomwonyesha kwamba chumvi imeshapita gramu 4 kwa lita, ilhali mashine inataka 3 na kidogo, alinijibu mbele ya wageni kwamba mambo ya mitambo niwaachie wanaume. Neno hilo bado linanichoma ninapoandika.

Jioni hiyo nilizima umeme nikaifungua mwenyewe seli, yaani ile sehemu ya mashine inayoigeuza chumvi kuwa klorini. Mabamba yake yalikuwa yamefunikwa na ukoko mweupe wa chokaa, mnene kama ule wa ndani ya birika kuukuu, kwa kuwa maji ya visima vya huku hupita katika mwamba wa matumbawe. Niliiloweka katika asidi iliyozimuliwa kwa maji, ikatoa povu, na ukoko wote ukaachia. Kisha nikagundua kwamba bwawani hapakuwa na asidi ya sianuriki hata chembe, na bila dawa hiyo jua la mchana huimaliza klorini kwa saa chache tu. Hakuna aliyekuwa amenieleza hata moja kati ya hayo.

Mashine yenyewe ni nzuri, na nilikusudia kuipa alama nne kati ya tano. Hata hivyo iliuzwa pamoja na huduma, na huduma hiyo niliilipia, kwa hiyo naipa mbili. Nikimkumbuka yule mgeni aliyemtoa mwanawe majini huku akinitazama, naona hata mbili ni nyingi, iwe moja. Chumvi iliyozidi haikauki na jua, hupungua kwa kumwaga maji na kujaza mengine, na maboza yote ya maji hayo nimeyalipia mimi.