Mpini wa maji wa kaboni kwa madirisha ya ghorofa: uzoefu wangu kazini Arusha

Kama unasafisha vioo kila siku, na si mara moja kwa mwaka kuelekea Krismasi, nunua mpini wa maji wa kaboni wenye urefu wa mita 6 hivi. Ile ya mita 12 inayovutia kwenye picha iache kwanza. Huo ndio ushauri wangu baada ya kutumia wa aluminiamu, kisha wa faibaglasi, na sasa wa kaboni kwenye majengo ya Arusha, na Moshi pia tunapoitwa. Ninaeleza kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa natafuta wa kununua sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili, na wauzaji niliowauliza hawakuwahi kuushika ukiwa umevutwa wote na una maji ndani.

Kwa asiyeufahamu: ni mpini wa vipande vinavyoingia kimoja ndani ya kingine, kama antena ya redio. Juu kuna brashi, na ndani umepita mpira mwembamba unaoleta maji kutoka kwenye pampu ndogo ya betri. Unasimama chini, unasugua kioo huku maji yakitoka kwenye brashi, unasuuza, unahamia dirisha linalofuata. Hakuna sabuni wala kitambaa. Kioo kinakauka chenyewe, na maji yakiwa yamechujwa sawasawa hakibaki na doa hata moja. Ngazi haihitajiki tena kwa sehemu kubwa ya kazi, na kwa mtu aliyewahi kusimamisha ngazi juu ya pevingi zenye mteremko kule Njiro, huku mwenzake ameishika kwa chini anaomba Mungu, hiyo ni sababu tosha ya kuupenda.

Kazi zetu nyingi ni ofisi za ghorofa moja, hoteli ndogo, loji za watalii kuelekea Usa River, na maduka yenye vioo vikubwa vya mbele. Kwa majengo hayo mita 6 zinatosha. Likija la ghorofa mbili naongeza kipande cha chini, nikimaliza nakitoa. Ndiyo maana nasema chagua mpini kwa jengo unalofanya kila siku. Ukinunua mrefu kwa ajili ya jengo moja la mjini linalokuja kwa nadra, utabeba vipande vya ziada mkononi asubuhi hadi jioni kwenye madirisha yasiyovihitaji.

Sasa uzito. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mpini mkavu, uliolala, bila brashi. Mkono wako hautaubeba hivyo hata siku moja. Kwa vitu vyenyewe, sentimita moja ya ujazo ya aluminiamu ina gramu 2.7, ya faibaglasi iko karibu na gramu 2, ya kaboni gramu 1.6 hivi. Ukitazama tofauti hiyo peke yake unaweza kudhani haistahili bei yake. Siri ya kaboni ni ukakamavu: kwa kuwa haipindi kirahisi, wanaweza kutengeneza mpini wenye ukuta mwembamba na bado ukasimama wima bila kulegea.

Na kulegea ndiko kunakochosha. Wa faibaglasi ukiuvuta mpaka mwisho na kusukuma brashi juu, katikati panapinda kwanza, halafu ndipo brashi inaruka kwa ghafla. Ukishusha, vivyo hivyo. Kila msuguo unaufanya mara mbili: nusu ya nguvu inaishia kwenye kupinda, nusu inafika kwenye kioo. Pembe za dirisha zinakushinda kwa sababu brashi inafika pale inapotaka yenyewe. Nilipokuwa natumia ule, kabla ya saa sita mchana bega la kulia lilikuwa limekwisha, na usiku siwezi kulilalia. Wa kaboni ukiusukuma, brashi inakwenda palepale ulipotaka, na unaweza kufuata ukingo wa fremu taratibu mpaka uchafu wa kona utoke. Sitanii, mimi ni mwanamke mfupi na nimefanya siku nzima ya hoteli nikarudi nyumbani nikasonga ugali bila kulalamika.

Wa aluminiamu nisiuseme vibaya sana, maana ni wa bei nafuu na hauvunjiki kirahisi. Kwa mtu anayesafisha vioo vya duka lake moja tu unafaa. Ila kwa kazi ya kila siku ni mzito, asubuhi za Juni na Julai unaganda mikononi, na ukigongwa mahali ukabonyea, kipande cha ndani hakipiti tena. Kaboni nayo ina udhaifu wake: haipendi kukanyagwa wala kubanwa na mlango wa gari. Ikipata ufa, nyuzi zinajitokeza na zinachoma vidole na kuwasha vibaya, kwa hiyo vaa glavu.

Kama unaweza kuushika kabla ya kulipa, usiridhike kuupima ukiwa umefungwa. Omba ufungiwe brashi, uvute vipande vyote, usimame hatua mbili kutoka ukutani, kisha sugua juu na chini mpaka mkono uanze kukupa taarifa. Hizo hatua mbili nimezitaja makusudi. Majengo yetu mengi yana bustani ya maua chini ya dirisha, au mfereji, au magari yameegeshwa, na huwezi kusimama chini ya kioo chenyewe. Mpini ulio wima unajibeba. Ukiinama kidogo tu, uzito wote wa juu unakuvuta, na hapo ndipo utajua kama ni mwepesi kweli.

Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mkali zaidi na vitu vya kule juu kuliko mpini wenyewe. Brashi ya sentimita 45 inapendeza kwa kuwa inafuta eneo kubwa, lakini ikilowa inakuwa nzito mno kwa umbali ule. Mimi natumia ya sentimita 30 hivi yenye nyuzi laini za nailoni na nimeridhika. Mpira wa maji nao watu hawauhesabu. Wenye tundu la milimita 5 unabeba karibu gramu 20 za maji kwa kila mita, ukijumlisha na plastiki yake, mita 7 zinakuwa mzigo unaoonekana. Ukiweka ule wa bustani wenye tundu kubwa, umetupa fedha zote ulizolipia kaboni.

Vibano vya kufungia vipande ndivyo vitakavyokupa kazi Arusha. Kiangazi vumbi letu ni jembamba mno, linaingia kati ya kipande na kipande, na kila ukivuta mpini linakwangua. Dalili yake utaiona: mistari ya kijivu kwenye kaboni nyeusi, halafu kibano kinaanza kuteleza ukiwa umesukuma juu, na mpini unajifupisha wenyewe mkononi. Dawa yake ni maji. Kila jioni natoa kizibo cha chini, nachomoa vipande vyote, navisuuza ndani na nje, navisimamisha vikauke kivulini. Usipake mafuta hata fundi akikushauri, maana mafuta yanakamata vumbi na siku inayofuata hali inakuwa mbaya zaidi. Chagua vibano vyenye skrubu ya kukazia unayoweza kuirekebisha mwenyewe, kwa kuwa vitalegea tu. Kaza kidogo kidogo. Ukikaza kwa hasira unapasua bomba.

Hapa kwenye umeme naomba unisikilize vizuri. Kaboni inapitisha umeme. Aluminiamu pia. Faibaglasi kavu inazuia, lakini mpini wa kazi una maji ndani na nje, hivyo usiutegemee ukuokoe. Nyaya za TANESCO zinazopita juu mitaani kwetu ni pamoja na za kilovolti 11 na 33, na umeme wa kiasi hicho unaweza kuruka kukufuata hata kabla hujagusa waya. Kanuni yangu ni hii: natazama jengo pande zote kabla ya kuvuta kipande hata kimoja, na kama mpini mzima ukianguka kuelekea popote unaweza kukaribia waya, upande huo siufanyi. Namwambia mteja hivyo waziwazi na namkata bei yake. Walinzi ndio wanaojua zaidi. Kuna gesti moja Sakina nilimwamkia mlinzi, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu. Kule nyuma msiende na huo mti wenu, ile waya ikipigwa na upepo huwa inatoa cheche." Tangu hapo swali langu la kwanza getini ni hilo, kabla hata ya kuuliza bomba la maji liko wapi.

Maji nayo, maana mpini mwepesi bila maji safi ni kazi bure. Watu wa Arusha tunajulikana kwa meno yenye rangi kwa sababu ya madini ya floridi yaliyomo kwenye maji ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku vinapita hapo. Lakini kioo hakiharibiwi na floridi pekee. Kinachoacha madoa meupe ni chumvichumvi zote zilizoyeyuka kwenye maji, zinazobaki maji yakikauka. Nunua kile kipimo kidogo cha mfukoni cha TDS, yaani jumla ya chumvichumvi zilizoyeyuka kwenye maji. Kwa kioo kinachojikausha tunataka kisome 0, na nikiona kimepita 10 nasimamisha kazi. Visima vingine vya huku vinasoma mamia.

Kwa maji ya namna hiyo usikimbilie chujio la resini (punje ndogo zinazonasa chumvi) peke yake, litakwisha haraka na ni gharama. Anza na mashine ya RO, inayosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia chumvi, ya aina ileile wanayotumia wauza maji ya kunywa, halafu resini imalizie kidogo kilichobaki. RO inamwaga maji mengi pembeni; sisi tunayakinga kwenye dumu na kuyatumia kudekia baraza na kufulia matambara. Nachuja usiku nyumbani, najaza tenki, asubuhi tunapakia kwenye kirikuu. Kwa kasi ya lita moja na nusu hadi mbili kwa dakika, panga maji yako mapema, maana katikati ya kazi huwezi kuongezea kutoka bomba la mteja.

Moshi shida ni joto. Mji uko chini kuliko Arusha, na kioo kikipigwa na jua kinakauka kabla hujamaliza kusuuza, hivyo vumbi ulilolilainisha linashika upya. Asubuhi naanza upande wa magharibi, mchana nahamia mashariki. Na katikati ya mwaka jua la mchana linaegemea kaskazini, kwa hiyo uso wa kaskazini wa jengo naumaliza mapema kabisa.

Kuna kazi ambazo mpini huu hauziwezi na usimdanganye mteja. Nyumba nyingi za kuishi zina nyavu za mbu kwa nje, au nondo zilizobana, na brashi haifiki kwenye kioo. Madirisha ya luva nayo yanaingiza maji ndani, utalowanisha mapazia ya watu. Jengo jipya lenye matone ya rangi na saruji linahitaji wembe na mkono. Na kioo ambacho hakijaoshwa kwa muda mrefu, mara ya kwanza kifanye mara mbili: uchafu uliojificha juu ya fremu unashuka baada ya wewe kuondoka, na mteja anaona michirizi akadhani hukufanya kitu. Siku hizi nasugua fremu ya juu kwanza, nasubiri, ndipo nashuka kwenye kioo.

Bei ya kaboni ilikuwa zaidi ya mara mbili ya faibaglasi, na ukiagiza nje kuna usafiri, ushuru na VAT juu yake. Angalia urefu ukiwa umefungwa. Wangu unaingia ndani ya bajaji kwa kulala mshazari, na siku gari linapokuwa gereji hilo linaokoa kazi.

Vipuri ndilo eneo lililoniumiza. Muuzaji aliniahidi vibano vya akiba, kilipolegea cha kwanza hakupokea simu. Mpira na viungio vyake sikupata shida, kwa kuwa ule mgumu wa upepo wa milimita 8 kwa nje unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompresa unaingia vilevile, na viungio vyake vya kuchomeka vinashika maji vizuri. Ila kibano lazima kiwe cha mpini huohuo. Kwa hiyo unapoagiza, weka kwenye boksi lilelile vibano viwili vya ziada na kipande kimoja cha juu, kile chembamba kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachopasuka kwanza na kukisafirisha peke yake baadaye kutakugharimu karibu sawa na kusafirisha mpini mzima.